Kadi za istilahi za ushairi: arudhi imara, tamathali zimelegea

Seti hii ya kadi imekusudiwa mwanafunzi anayeanza kusoma mashairi. Mbele pana istilahi, nyuma pana maana na mfano mmoja. Kwa arudhi, yaani kanuni za utungaji wa mashairi, inunue bila wasiwasi. Kwa tamathali za usemi, yaani lugha ya picha, usimwachie mwanafunzi peke yake.

Kadi iliyotungwa vizuri kuliko zote ni ya mizani, yaani idadi ya silabi. Inaukata mshororo (mstari wa shairi) silabi kwa silabi, na inagusa pale wengi wanapoteleza: m na n zinazosimama zenyewe kama silabi. "Mtu" ni mizani mbili, m-tu. "Nchi" vilevile, n-chi. Lakini "ndege" pia ni mbili tu, nde-ge, kwa kuwa n imeungana na d. Asiyejua hili akisoma "Mtu akiwa na pupa, hukosa hata kidogo", atahesabu saba kwenye ukwapi (kipande cha kwanza) na nane kwenye utao (kipande cha pili), aseme shairi ni guni, yaani limevunja kanuni, ilhali pande zote mbili zina nane.

Vina (silabi za mwisho zinazofanana), vipande (sehemu za mshororo) na aina za bahari (mitindo ya mashairi) vimeelezwa kwa usahihi. Kadi inatenga hata kibwagizo, mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, na kiishio, ambacho hakirudiwi. Inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itoshe, nayo ina mfano safi: "aliyemtuma" ni mizani sita, "alomtuma" tano.

Shida inaanzia kwenye tashbihi. Kadi inamwambia msomaji atafute "kama" au "mithili ya", basi. Matokeo yake ataitia "alisubiri kama saa moja" kwenye tashbihi, ingawa "kama" hapo ni kukadiria tu. Hata "ana kimo kama kaka yake" si tashbihi: watu wawili wamelinganishwa urefu, hakuna picha iliyojengwa. Tashbihi hufananisha vitu vya jinsi tofauti kwa sifa moja vinayoshiriki.

Sitiari imeelezwa kuwa "tashbihi isiyo na kama", na mfano ni "Juma ni simba". Sifa gani ya simba? Ushujaa, ukali au ubabe? Muktadha ndio huamua, na kadi haina muktadha. Mfano kama "maneno yake ni miiba" ungesaidia zaidi, maana mwanafunzi angeona mara moja kwamba kilichohamishwa ni uchungu wa kuchomwa, wala si umbo la mwiba.

Kosa la wazi liko kwenye tashihisi, yaani kukipa kitu tendo la binadamu: kadi inatoa mfano wa "jua limechomoza". Kuchomoza ni kazi ya jua kila siku, si tendo la binadamu. "Jua lilitutabasamia" ndiyo tashihisi.

Kasoro nyingine ni mpangilio wa alfabeti: "bahari" inatangulia "kipande" na "mshororo", wakati haieleweki bila hivyo viwili. Zipange upya: ubeti, mshororo, kipande, vina, mizani, ndipo bahari. Tamathali ziwe za mwisho, na kila moja iongezewe mifano miwili, mmoja wa kweli na mmoja unaofanana nayo lakini siyo. Huo wa pili ndio unaofundisha zaidi, kwani maswali ya mtihani hupenda kutega hapo.

Kadi zina mng'aro usioshika penseli, kwa hiyo andika mifano kwenye karatasi ndogo uibandike nyuma.