Krisanthemumu za Masan: ua moja au maua mengi kwenye shina?

Masan, kusini mwa Korea Kusini, krisanthemumu zimelimwa kibiashara tangu 1961. Mkulima huchagua: shina la ua moja au la maua mengi?

La ua moja, hasa jeupe, lina soko la uhakika, maana Wakorea huliweka mbele ya picha ya marehemu msibani. Lakini kazi yake! Vitumba vyote vya pembeni hutolewa kwa mkono ili ua la juu linenepe. Shina la maua mengi hutolewa kitumba cha kileleni tu. Tatizo ni wapambaji, leo wanataka rangi ya waridi, kesho njano. Taa za usiku za kuchelewesha maua hutumika kwa yote mawili. Mwenye vibarua wa kutosha ningemwambia alime jeupe.