Boksi la waini chupa sita kutoka kwa mzalishaji mdogo: uzoefu wangu

Jamani hili nimekaa nalo wiki mbili ndo naandika, maana sikutaka kuandika nikiwa bado na moto wa ile jioni tuliyozionja. Niliagiza boksi la waini chupa sita moja kwa moja kwa mzalishaji mdogo, ni mtu na familia yake tu, wana shamba lao la mizabibu, wanavuna wenyewe, wanakamua wenyewe, mpaka lebo wanabandika wenyewe. Nyekundu nne nyeupe mbili. Tangazo lao sijawahi kuliona popote, niliwajua kwa vile rafiki yangu aliwahi kunimiminia glasi moja bila kuniambia ni nini, na ile glasi ikanikaa kichwani miezi.

Kabla ya hapo mimi nilikuwa mtu wa chupa zenye jina. Nikiwa na jambo la maana nanunua ile ya bei, ina kisanduku chake, yaani ikikaa tu mezani kila mtu anajua leo kuna kitu. Chupa yenyewe nzito, hata ikiisha ukiibeba unahisi bado imejaa. Chupa ya kawaida tupu ni kama nusu kilo hivi, zile nzito zinaweza kukaribia kilo nzima, na uzito wote huo ni kioo tu, hauongezi chochote kwenye waini, ila mkono ukishaibeba kichwa kinakuwa kishakubali kabla hata hujafungua.

Sasa tuje kwenye boksi. Kila chupa ilikuja na kikaratasi, zabibu aina gani, walivuna lini, imekaa kwenye pipa miezi mingapi, zimejazwa chupa ngapi. Nyekundu moja ilitoka kwenye mapipa mawili tu! Pipa la kawaida la mwaloni lile la lita 225 linatoa kama chupa 300, kwa hiyo mapipa mawili ni chupa 600 hivi basi, mwaka umeisha. Hebu fikiria mtu mwenye chupa 600 akalipie bango au mtu maarufu ashike chupa yake kwenye picha, hela ya tangazo tu inakula mavuno yote. Na duka lenye matawi mengi likimwambia lete mzigo wa matawi yote hana pa kuutoa, so hata kwenye shelfu humuoni. Hapa ndo panaponiuma kwa kweli, kwa sababu huyu mtu hajashindwa kwenye glasi, glasi yenyewe haijamfikia mnywaji.

Nikaona nisiandike kwa mapenzi tu, nipime. Tulikuwa watu saba. Nikachukua nyekundu mbili za kwenye boksi na mbili za majina makubwa, kila moja bei yake mara nne au tano ya hizo za boksi, nikazivalisha chupa zote soksi ndefu mpaka shingoni, nikaandika namba, na kabla ya watu kukaa nikamwambia mwingine azichanganye ili hata mimi nisijue. Kila mtu akaandika yake kwenye karatasi, hakuna kuongea.

Ile ya mapipa mawili watano kati ya saba wakaiweka namba moja, na mimi nikiwemo. Ya pili ikawa moja ya zile za bei, na ilistahili kabisa, ni waini nzuri, imetulia, harufu yake inabaki kwenye glasi hata ukishamaliza, sitaki mtu asome hapa aseme nimesema za bei ghali zote ni lebo tu. Nyekundu nyingine ya boksi ikaja ya tatu. Ya mwisho ikawa ile yenye chupa nzito kuliko zote, ile ambayo mimi nilikuwa naisifia miaka yote. Nilipovua soksi nikaona jina nikanyamaza kwanza.

Halafu rafiki yangu mmoja akasema ngoja niionje tena, akaionja huku anaangalia lebo, akasema mbona sasa hivi imelainika. Wala hakuwa anadanganya. Kuna utafiti wa California ulitoka 2008, watu walionjeshwa waini ileile mara mbili, mara moja wakaambiwa ni ya dola 10 mara nyingine dola 90, huku ubongo wao unapigwa picha, na wakiamini ni ya 90 sehemu ya ubongo inayohusika na raha iliwaka zaidi. Yaani bei unaionja kweli. Ndo maana mzalishaji mdogo akiuza kwa bei ya haki anaonekana wa kawaida hata kabla ya kizibo kutoka.

Na haya mambo sio mapya. 1976 kule Paris, Steven Spurrier, Muingereza aliyekuwa anauza waini hapohapo mjini, aliweka chupa za California na za Ufaransa mbele ya majaji Wafaransa bila kuwaonyesha lebo, na zikashinda za California, nyeupe ya Chateau Montelena na nyekundu ya Stag's Leap Wine Cellars, zote za 1973, kampuni ambazo wakati huo hazikuwa na jina mbele ya wale wakubwa wa Bordeaux na Burgundy, maeneo ya waini yenye sifa huko Ufaransa. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mwandishi wa habari aliyefika alikuwa mmoja tu, George Taber wa jarida la Time. Asingeenda yule, wangeshinda vilevile na nani angejua?

Turudi kwenye boksi, kasoro zipo. Nyeupe moja ilikuwa imeharibiwa na kizibo, ukinusa unapata boksi la karatasi lililoloana, tunda halipo kabisa. Hiyo inaweza kutokea kwa chupa yoyote yenye kizibo cha gome hata ya ghali, nikawaandikia, wakajibu siku hiyohiyo na chupa nyingine ikatumwa, hawakuniuliza picha wala nini. Mzigo nao ulichelewa siku nne. Na ile nyekundu iliyoshika nafasi ya tatu ukiifungua tu ukanywa inakaza ulimi vibaya, ifungue saa moja au mbili kabla, mimina kwenye jagi, iache ipumue, inabadilika kabisa. Hii wangeiandika kwenye kikaratasi, mtu asiyejua ataimwaga.

Kama unapenda shampeni, angalia herufi ndogo sana kwenye lebo. RM maana yake mkulima katengeneza kutokana na zabibu zake mwenyewe, NM ni kampuni inayoruhusiwa kununua zabibu kwa wengine, na majina makubwa karibu yote yako huku. Sio kwamba NM ni mbaya, ila ukitaka kumfikia mkulima mwenyewe herufi mbili hizo zinakuonyesha njia.

Nyota nne na nusu nawapa, ile nusu niliyokata ni ya kuchelewa. Juzi nikaulizia tena ile ya mapipa mawili, wakanijibu zimebaki chupa 14. Nimechukua sita, hizo nane zikiisha ingine hakuna mpaka mavuno mengine.