Albamu ninazozirudia siku hizi: dansi, taarabu na singeli, na namna ya kuzisikiliza bila kuziua

Gitaa la ridhimu, lile linaloshika mwendo kwa mkwaruzo mfupi mfupi, ndilo linalobeba muziki wa dansi, na ndilo la kwanza kumezwa na sabufa. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaosema nyimbo za zamani zina sauti ya bati hawajawahi kuzisikia vizuri. Wamesikia nakala mbovu, kwenye spika iliyopandishwa besi hadi mwisho. Kabla ya kuhukumu albamu yoyote hapa chini, shusha kitufe cha besi cha sabufa hadi robo. Kwenye ekolaiza ya simu, punguza hertzi 60 kwa desibeli 4 na ongeza hertzi 1,000 kwa desibeli 2. Ukifanya hivyo gitaa hilo linatoka nyuma ya besi, na wimbo ulioudhani unaujua unakuwa mwingine.

Kipimo changu cha jambo hili ni Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978. Ndani yake hakuna tarumbeta wala saksafoni. Kuna solo, ridhimu, besi na drams, basi. Ridhimu ni ya Omar Shabani, ambaye pia ndiye mtunzi, na besi ni ya Tom Malanga. Msikilize Malanga: anapiga noti chache, ananyamaza, na ndani ya ule ukimya Omar anapitisha mkwaruzo wake mfupi mfupi usiobadilika. Sauti ya mwimbaji imekaa juu ya hayo mawili. Kama kwenye spika zako besi inasikika kama mvumo mmoja usiokatika, kosa ni la spika, maana kwenye santuri ule ukimya upo.

Hapa ndipo penye tabu kubwa ya muziki wa miaka ile. Santuri ndogo ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika hubeba takriban dakika 5 kila upande. Ukizidisha, mifereji inabanana na sauti inalazimika kukatwa chini. Kwa hiyo wimbo mrefu uligawanywa: maneno upande wa kwanza, chemko, yaani ile sehemu ya mwisho ya kucheza ambapo vyombo vinatawala, upande wa pili. Nakala nyingi zinazozunguka mtandaoni zina upande wa kwanza tu, na mtu anadhani wimbo umeishia pale sauti inapofifia. Haujaisha, ndiyo kwanza magitaa yanataka kuanza kuzungumza. Tafuta nakala zilizoandikwa sehemu ya 1 na ya 2, kisha uziunge mwenyewe kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti. Usiunge kwa kutazama sekunde. Tafuta pigo la kwanza la drams baada ya sauti kuanza kufifia, lilinganishe na pigo kama hilo mwanzoni mwa sehemu ya pili, halafu zipishanishe kwa sekunde 1 au 2 tu. Ukipishanisha zaidi, drams zitagongana na utasikia farasi anakimbia.

Tabu ya pili ni kasi. Santuri au kaseti ikizungushwa haraka kidogo wakati wa kunakiliwa, waimbaji wanapanda sauti na kuwa kama watoto. Tofauti ya asilimia 6 inatosha kupandisha wimbo kwa nusu toni nzima. Njia rahisi ya kuigundua ni urefu: wimbo ulioandikwa dakika 5:00 kwenye toleo rasmi ukiwa 4:43 kwako, nakala yako inakimbia. Dawa yake ni kushusha kasi kwa asilimia 5.6, kwa amri ile inayobadilisha kasi na kimo cha sauti kwa pamoja. Ile inayobadilisha mwendo peke yake itakuachia sauti zile zile za kitoto, ila zinaimba polepole.

Na kama santuri ilikuwa ya mono lakini imenakiliwa kwa stereo, igeuze iwe mono. Muziki uko sawa pande zote mbili, ila sehemu kubwa ya mikwaruzo haiko sawa, kwa hiyo ukizijumlisha kelele inapungua na wimbo unabaki.

Albamu ya kumpa mtu asiyejua dansi kabisa ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, iliyotolewa na Real World mwaka 1989. Hii haina tabu yoyote ya hapo juu. Ilirekodiwa vizuri, kila gitaa lina mahali pake, na hata kwenye spika za masikioni za bei ya chini unaweza kuyahesabu. Anza na Kipenda Roho, kisha Karola, kisha Muziki Asili Yake Wapi. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam 1978. Kikongo kinasikika kwenye magitaa, lakini usimulizi ni wa uswahilini: anasema na msikilizaji kama aliyekaa naye barazani. Kasoro yake ni usafi wenyewe. Ukumbi haumo. Chemko linafika na kuondoka mapema kuliko ambavyo wachezaji wangekubali. Mambo, iliyofuata 1992, ina nyimbo kadhaa zilizoimbwa Kiingereza, na hapo naona alipoteza kitu, kwa sababu nguvu ya Remmy ni namna anavyolivuta neno la Kiswahili mpaka likaume. Kidogo Kidogo unatosha kuifanya istahili kununuliwa, lakini inunue ya pili.

Ukishamzoea Remmy, hamia Sikinde. Ndilo jina la utani la bendi ya Mlimani Park ya Dar es Salaam, iliyoanza 1978, na mkusanyiko uitwao Sikinde, uliotolewa na Africassette ya Detroit mwaka 1994, ndio mlango mzuri zaidi niliouona kwa anayetaka kununua kitu rasmi. Sauti yake si safi kama ya Remmy. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, hakuna kurudi nyuma kurekebisha kipande, na mvumo wa tepu upo chini ya kila wimbo. Usijaribu kuuondoa kwa programu za kusafisha kelele. Zinakula mvumo pamoja na mwisho wa kila noti ya tarumbeta, na kinachobaki kinasikika kama kimepigwa ndani ya ndoo ya maji.

Sikinde inasikilizwa kwa tabaka. Mara ya kwanza fuata waimbaji. Cosmas Chidumule akiimba Neema, fuata jinsi wenzake wanavyompokea: hawaanzi baada yake, wanaingia juu ya silabi yake ya mwisho. Mara ya pili fuata tarumbeta na saksafoni, zinazojibu kila mwimbaji anapovuta pumzi. Mara ya tatu sahau waimbaji kabisa, shika solo na ridhimu zinavyopishana. Mpangilio huo ni alama ya mkono wa Michael Enoch, aliyeisimamia bendi kwa miaka mingi, na kwangu hakuna bendi ya Dar iliyopanga vyombo vingi hivyo bila kimoja kumkanyaga mwenzake.

Upande wa taarabu, naanzia Tanga badala ya Unguja. Nyota, iliyotolewa na GlobeStyle ya London mwaka 1989, inakusanya Black Star na Lucky Star. Hizi ni bendi ndogo: gitaa la umeme, besi, akodiani au kinanda, ngoma. Hakuna safu ya fidla. Mtu aliyezoea okestra kubwa ya Unguja ataona kama kuna kilichopungua, lakini kilichopungua ndicho kilichoacha nafasi kwa shairi. Shakila, aliyefariki 2016, aliimba na makundi haya, na sauti yake haina pambo lisilo na kazi. Kila neno unalipata mara ya kwanza, na kwa taarabu hilo ni jambo zito, maana fumbo lisilosikika si fumbo tena. Sikiliza hii kwa sauti ya chini, usiku. Ukipandisha sana, akodiani inaanza kukata masikio.

Chungu ya Rajab Suleiman na Kithara, ya 8 katika mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique, iliyotoka 2013, ndiyo niliyoisikiliza mara nyingi zaidi kati ya hizi zote. Rajab anapiga ganuni, chombo chenye nyuzi zaidi ya 70, ambapo kila noti ina nyuzi tatu zilizolinganishwa pamoja. Chini ya nyuzi kuna vijiti vidogo vya chuma vinavyoinuliwa na kulazwa ili kupata zile noti za katikati ambazo piano haina. Ukisikiliza kwa makini, kabla ya kupanda kwa kipande kipya unasikia mgongano wa kidole na kile kijiti kikilazwa: tk, kisha mmwagiko wa nyuzi. Humo ndimo albamu hii ilipo, na humo ndimo faili mbovu linapoiua.

MP3 ya kilobiti 128 inachukua takriban megabaiti 1 kwa dakika, na ili ifike hapo inatupa sauti za juu na kuupaka matope mwanzo wa kila mdonoo. Besi haiteseki sana, ila ganuni inageuka mvua ya bati. Kilobiti 320, megabaiti 2.4 kwa dakika, inatosha kwa simu. Ukiwa na spika nzuri chukua FLAC, faili linalobana bila kutupa sauti yoyote, ambayo kwa kawaida huwa karibu nusu ya zile megabaiti 10 kwa dakika za CD. Jihadhari na mtu anayekuuzia flashi iliyojaa faili za 320 zilizogeuzwa kutoka 128. Ukubwa umeongezeka, sauti iliyotupwa haijarudi. Utalijua faili hilo kwa matasa ya drams: badala ya kulia wazi, yanafoka kama maji ya bomba.

Mtindo wa Mombasa wa Zein l'Abdin, GlobeStyle 1990, nausema kwa kifupi kwa sababu hauhitaji maelekezo. Ni udi, ngoma na sauti yake, mashairi ya pwani ya Lamu yakiimbwa na mtu aliyeyaishi. Utahitaji spika moja tu na chumba kisicho na feni.

Mwisho kabisa, kitu cha mwendo tofauti: Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017 kutoka studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Mapigo yanapita 200 kwa dakika. Kwenye spika ya simu utasikia kelele za juu peke yake, maana spika ndogo vile haiwezi kutoa ngoma ya chini, na bila ngoma ya chini mwili haujui uhesabu wapi. Isikilize vipande vinne vinne. Masikio yanachoka, na kipande cha tano kinaonekana sawa na cha kwanza wakati sivyo. Kwa albamu hii pekee, pandisha kitufe cha sabufa mpaka dirisha litetemeke, kisha kirudishe robo kabla hujaweka Sikinde.