Pingili za Kiroba za Nanguruwe: anakupasulia muhogo kabla hujatoa hela

Kama unatafuta mbegu ya muhogo msimu huu, nenda Nanguruwe, mkoani Mtwara, barabara ya Newala, kwa kijana anayezalisha pingili za aina ya muhogo iitwayo Kiroba. Nimenunua kwake na nitarudi.

Kilichonivuta ni kisu chake. "Mama, chagua shina mwenyewe," aliniambia. Nikachagua la pembeni mwa shamba, upande unaopakana na mihogo ya watu. Aling'oa, akakata muhogo vipande vya mviringo kuanzia kichwani hadi mkiani. Mweupe mwote. Kisha akainama na kunionyesha majani ya chini, kwa sababu umanjano wa ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoletwa na kirusi, hukaa kwenye majani makubwa, kandokando ya mishipa, huku kilele kikiwa kibichi cha kupendeza. Ndiyo maana watu hununua mashina mazuri, wakaja kuvuna mihogo yenye madoa makavu kama kizibo, isiyofaa kuchemsha wala kutengeneza makopa.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na jambo hili huwa linanikosesha usingizi. Muhogo haukai tu ukisubiri kuliwa na kirusi. Kirusi hiki vinasaba vyake ni RNA ya uzi mmoja, na kinapojinakili ndani ya seli hutokea RNA ndefu ya nyuzi mbili. Hapo seli inashtuka. Kimeng'enya kiitwacho Daisa huikata RNA hiyo vipande vya herufi 21 hadi 24, yaani viunzi vinavyopangwa kuunda uzi wake. Protini ya Agonauti hushika kipande kimoja, ikakitumia kutafuta RNA yoyote inayolingana nacho, na ikiipata inaikata. Kirusi kinanyamazishwa kwa maandishi yake chenyewe! Vipande vingine huvuka hadi seli za jirani, zikapata kielelezo cha adui hata kabla hajafika.

Lakini kirusi nacho kina silaha. Mwaka 2009 mtafiti Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walionyesha kwamba protini yake ya P1 huzuia unyamazishaji huo. Kwa hiyo ni vita, na mbegu unayopanda inaamua vita hiyo inaanzia wapi. Pingili ni kipande cha mama yake. Mama akiwa na virusi, mtoto anachipua navyo tayari, hata kabla inzi mweupe, anayesambaza virusi hivyo, hajatua shambani.

Wauzaji wengi wa huku watakuambia Kiroba haishiki ugonjwa. Si kweli. Inashika, na majani yanaweza kuonyesha, ila inavumilia: mihogo yake huharibika kidogo ukilinganisha na aina ya Albert, ambayo imewatia hasara wakulima wengi wa kusini. Kijana huyu alinieleza hayo bila kuulizwa. Akaniambia pia nisiipande karibu na mihogo ya zamani, na nikiona shina lenye dalili niling'oe mara moja. Muuzaji anayekutajia udhaifu wa bidhaa yake, mimi namwamini. Lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ilikuwa imefungwa kwenye kila mzigo, na aliniachia niisome bila kunikimbiza.

Kasoro zipo. Panga lake ni butu, pingili kadhaa zilichanika mwishoni. Mizigo iliyokatwa aliiacha juani akihudumia wengine, na pingili ikikauka macho hayachipui vizuri. Nilipomwambia, "Mwanangu, zipeleke kwenye kivuli cha mwembe," alizihamisha papo hapo, ila mteja asingepaswa kusema. Usafiri pia utafute mwenyewe. Bodaboda alinifungia mizigo kwa mpira hadi maganda yakachubuka, kwa hiyo beba magunia ya kuizungushia.

Bei ni juu kuliko kuomba kwa jirani, ambako unapewa bure. Mimi naona inalipa. Nenda asubuhi kabla jua halijakolea, mpigie siku moja kabla akukatie zikiwa mbichi, na usiondoke bila kumwambia akupasulie muhogo wa shina ulilochagua wewe.