Spika mbili tu kwenye risiva ya Yamaha RX-V385

Yamaha RX-V385 ni risiva, yaani amplifaya yenye redio na matundu ya TV ndani yake. Ilitoka mwaka 2018, na imetengenezwa kwa ajili ya spika tano na sabufa. Kwangu Tabata ina spika mbili, Wharfedale Diamond 9.1, na ya tatu haitaongezwa. Shemeji yangu alipoiona mara ya kwanza aliangaza pembe zote za sebule, akauliza, "Shem, nyingine umezificha wapi?" Swali hilo naulizwa na karibu kila mgeni, ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu. Naamini kabisa kwamba wengi wetu tunaopenda muziki tunapoteza hela kwa kuhesabu spika badala ya kuzisikiliza.

Muziki karibu wote tunaousikiliza nyumbani, uwe wa dansi, taarab, kwaya au bongo fleva, umeandaliwa kwa njia mbili: kushoto na kulia. Spika za nyuma ni kwa ajili ya sinema. Halafu sebule yenyewe: yangu haifiki mita tano kwa nne, ina makochi, meza, kabati la TV, mlango wa jikoni na mlango wa korido. Spika ya nyuma kulia ingebidi ikae juu ya friji. Bajeti ile ile ukiigawanya mara tano unapata vispika vya plastiki vyenye sauti nyembamba. Ukiigawanya mara mbili unapata mbao, twita (kispika cha sauti za juu) ya kitambaa na besi inayosimama yenyewe.

Kwa nini basi risiva, na si amplifaya ya kawaida ya stirio? Kwanza, upatikanaji. Kariakoo risiva za mtumba zimejaa, amplifaya nzuri ya njia mbili utaitafuta mpaka uchoke. Pili, risiva inapokea kila kitu cha nyumba hii: king'amuzi kwa HDMI, simu ya binti yangu kwa Bluetooth, redio ya FM, na sauti ya TV yenyewe. Niliikuta duka la vitu vilivyotumika upande wa Mtaa wa Aggrey, wakaanza na laki saba, tukamalizana kwa laki tano na nusu. Spika nilizipata kwa mtu mwingine, laki tatu na ishirini zote mbili.

Kabla ya bei kuna jambo kubwa zaidi. Igeuze risiva, soma kibati cha nyuma. Yangu imeandikwa 230 V, 50 Hz, umeme wetu huu huu. Jirani yake pale rafuni kulikuwa na nyingine nzuri tu, bei ya chini, imeandikwa 120 V. Kijana wa duka akaniambia, "Mama, hiyo unaiwekea tu transfoma." Ni kweli inawezekana, ila transfoma inayoweza kubeba risiva bila kuhemewa ni nzito, inakula hela ile uliyodhani umeiokoa, na nyingi zinavuma usiku kucha. Za Marekani ni 120, za Japani ni 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya hapa, unanunua kingine siku hiyo hiyo.

Jambo la wati linaniuma, kwa sababu nafundisha fizikia na naona vijana wanavyochanganywa. Sabufa za madukani zinaandikwa wati za PMPO, eti nguvu ya kilele, maelfu kwa maelfu. Namba hiyo haina kipimo kinachokubalika popote. Hii Yamaha inatoa wati 70 kwa kila upande kwenye omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani), pande mbili zikifanya kazi pamoja, na hizo ni wati za kweli. Sasa angalia spika: Diamond 9.1 ukiipa wati moja inatoa desibeli 86 kwa umbali wa mita moja. Kila ukizidisha nguvu mara mbili unaongeza desibeli tatu. Kwa hiyo wati nane tu zinakufikisha 95, na hapo jirani ameshafungua dirisha kuangalia kuna sherehe gani. Jumamosi nikisafisha nyumba, risiva hii haijatoka jasho hata kidogo.

Waya nilinunua wa shaba, wa milimita 1.5 za mraba, kwa mita, duka la vifaa vya umeme. Kwangua ncha kwa wembe kabla hujalipa: ikionekana nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Waya wa shaba wa unene huo, mita tano kwenda na tano kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.12. Mbele ya spika ya omu 6 hicho ni kitu kidogo sana, kwa hiyo wale wanaokuuzia waya wa laki waache na waya wao.

Tuje kwenye menyu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoikatia tamaa risiva na kusema "haina besi" au "sauti za watu hazisikiki." Risiva ya mtumba inakuja na mipangilio ya mwenye nyumba wa zamani. Hii ilikuja ikiamini kwamba ina sabufa, spika ya kati na mbili za nyuma. Nilipoiwasha na kuweka filamu, mvua ilinyesha, magari yalipita, milango ilibamizwa, na wahusika wakawa wanachezesha midomo kimya. Maneno yalikuwa yanapelekwa kwenye spika ya kati ambayo haipo.

Unaunganisha TV, unabonyeza SETUP kwenye rimoti, unaingia Speaker, kisha Configuration. Center weka None. Surround weka None. Subwoofer weka None. Ukishaiambia haina sabufa, yenyewe inageuza spika za mbele kuwa Large, hata kama ni ndogo kwa umbo. Large maana yake wape sauti yote, usiwakate chini. Kabla ya hapo kila kitu kilicho chini ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde, yaani besi) kilikuwa kinaelekezwa kwenye tundu la sabufa lisilo na waya. Waya mnene wa gitaa la besi unaanzia hezi 41. Spika zangu hazishuki hadi huko kwa nguvu kamili, ni ndogo, lakini kati ya 50 na 80 zina kazi kubwa ya kufanya, na mpangilio ule ulikuwa umewanyang'anya. Nilipobadilisha neno moja pale kwenye menyu, besi ilirudi sebuleni mpaka binti yangu akatoka chumbani kuuliza nimenunua nini tena.

Kuna mpangilio mwingine uliojificha kidogo. Ukiwa umeizima, bonyeza STRAIGHT pale mbele bila kuachia, kisha bonyeza cha kuwashia. Kioo kinaonyesha SP IMP, yaani ukinzani wa spika. Kiwandani imewekwa omu 8. Kama spika zako zimeandikwa 6 nyuma, ibadilishe iwe 6.

Zile programu za ukumbi na uwanja ziache. Zinaongeza mwangwi ambao mwanamuziki hakuuweka. Kwa muziki natumia DIRECT, kwa TV natumia 2ch Stereo, inayochukua sauti ya njia tano na kuikusanya yote kwenye mbili bila kudondosha maneno. Upande wa TV, HDMI ichomeke kwenye tundu lililoandikwa ARC (ndilo linalorudisha sauti ya TV kwenye risiva), washa HDMI Control kwenye risiva, na kwenye mipangilio ya sauti ya TV chagua PCM (sauti isiyobanwa). Kuanzia hapo rimoti ya TV yenyewe inapandisha na kushusha sauti, na mama mkwe wangu akija hahitaji kuelekezwa.

Chanya na hasi. Ukifunga waya za spika moja sawa, na za nyingine ukazigeuza, zote zitalia, hakuna kitakachoungua, ila koni moja (ule utando unaocheza mbele ya spika) itakuwa inatoka nje wakati mwenzake anaingia ndani, na besi zinauana katikati. Njia yangu ya kupima ni rekodi ya zamani ya mono (sauti ile ile kushoto na kulia), mtu anayeimba peke yake na gitaa. Kaa katikati, funga macho. Zikiwa zimefungwa sawa, mwimbaji anasimama katikati kabisa, pale kwenye TV, ambapo hakuna spika yoyote. Zikiwa zimepishana, sauti inaelea, huwezi kunyoosha kidole ukasema yuko wapi. Kama waya hauna alama, betri ya volti 1.5 inatosha: gusisha kwa sekunde moja, chanya kwenye chanya, koni inasogea mbele. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili hulipenda jaribio hilo.

Stendi nilichomelewa hapa hapa Tabata, chuma cha bomba la mraba, kimo cha sentimita 65, ili twita ifike usawa wa sikio la mtu aliyekaa kwenye kochi. Fundi alishangaa nilipomwomba aache tundu juu. Nilijaza mchanga mkavu ndani, na bomba likaacha kulia. Ni mchanga wa mto uliooshwa na kuanikwa. Wa baharini una chumvi, utakula chuma taratibu. Kati ya spika na spika kuna mita mbili, na kutoka kila moja hadi kichwani pangu mbili na kidogo. Nimezigeuza kidogo zinitazame, na nimezitoa ukutani kama sentimita 40. Zikigusana na ukuta, besi inavimba, kila wimbo unakuwa na ngoma ile ile.

Nyumba zetu ni ngumu kwa sauti: vigae chini, tofali za saruji, madirisha ya aluminiamu. Piga kofi katikati ya sebule tupu usikie inavyokujibu. Zulia kati ya kochi na spika limenisaidia kuliko kitu chochote chenye umeme, na baada ya hapo pazia zito kwenye dirisha la pembeni. Vyote viwili nilikuwa navyo tayari, vilikuwa chumbani.

Na matokeo? Nyimbo za bendi za Sikinde na Msondo nilizozijua tangu utotoni kwa redio ya mkulima, sasa nasikia magitaa yakiwa mawili, kila moja na kazi yake, rithimu kushoto inashona polepole na solo inapita juu yake. Tumba ina ngozi, unasikia kiganja na unasikia ncha za vidole. Kwenye taarab ya zamani, fidla zinapoitikia pamoja unasikia kwamba ni watu kadhaa wamekaa safu, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti unamsikia. Nilikaa kimya kabisa siku ya kwanza. Hiyo ndiyo furaha ninayotaka wengine waipate, na gharama yake si ya kutisha.

Kuna vitu risiva hii haina, ni vyema ujue. Haina Wi-Fi wala tundu la intaneti, kwa hiyo muziki wa mtandaoni utautuma kwa Bluetooth kutoka kwenye simu. Haina tundu la santuri. Mwenye santuri atahitaji kiamplifaya kidogo cha pembeni. Kama hutawahi kuwasha TV kwenye mfumo huu, na ukabahatika kukutana na amplifaya nzuri ya stirio, chukua hiyo.

Joto la Dar usilidharau. Risiva inapumua kwa juu, kupitia yale matundu. Mama mkwe aliniletea kitambaa kizuri cha kufuma cha kuifunika, nikamshukuru kwa moyo wote, na kitambaa kipo juu ya kabati pembeni, mahali panapoonekana. Juu ya risiva hakuna kitu, na mlango wa kabati nimeutoa. Umeme nao ukipanda na kushuka, weka kilinzi cha volti kinachochelewa dakika chache kabla ya kurudisha. Nimekiweka kimoja kwa risiva na TV. Walio karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, wakaze upya ncha za waya mara kwa mara na kukwangua ukijani ukitokea.

Ukienda kununua, beba simu yenye nyimbo unazozijua vizuri na vipande viwili vya waya wa spika. Omba wakufungie spika yoyote, upande wa kushoto kisha wa kulia, usikilize kama pande zote zina nguvu sawa, na zungusha sauti polepole kutoka chini: ikikwaruza, omba nyingine. Kipaza sauti kidogo cha YPAO, kile cha kupimia chumba, kikiwa kimepotea usijali sana, kwa spika mbili utapanga kwa mkono na utepe wa kupimia. Rimoti ndiyo usikubali ikosekane. Menyu ya spika inafunguliwa kwa rimoti, na bila menyu hiyo utabaki na mipangilio ya mtu mwingine.