Gia 14 Ndani ya Habu Moja: Uchambuzi wa Rohloff Speedhub

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nina habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma la baiskeli, Rohloff Speedhub 500/14. Gia zote 14 zimo humu ndani. Nje unaona sproketi moja tu, yaani gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, na mnyororo wenyewe umenyooka. Inatengenezwa na kampuni ya jirani na mji wa Kassel, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1986 na Bernd na Barbara Rohloff. Walianza na minyororo ya baiskeli, habu ikaja mwishoni mwa miaka ya 1990.

Wengi wanaisifia kwa uimara, na wana haki. Meno yake yanazunguka ndani ya oili, vumbi na matope vinabaki nje. Oili yenyewe ni kidogo tu, unabadilisha kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka.

Lakini mimi kilichoniteka ni kingine. Tazameni miguu ninapobadilisha. Kila gia inapishana na inayofuata kwa takriban asilimia 13.6, kuanzia ya kwanza hadi ya 14. Gia za nje tulizozizoea hazina ulinganifu huo: hatua moja fupi, nyingine ndefu, miguu inakosa mwendo wake. Hapa unapanda mlima na mizigo, unashusha gia moja, miguu inaendelea vilevile. Tena gia ya juu ni zaidi ya mara tano ya ile ya chini! Ukisimama ghafla mlimani ukiwa kwenye gia nzito, unazungusha mshiko huu, unapata nyepesi kabla hujaondoka. Aliyebeba hema na maji anajua thamani ya hilo.

Sasa gia ya 7. Mnaisikia inavyounguruma? Gia za 1 hadi 7 zinapitia seti ya ziada ya meno. Ya 8, kimya. Na ukivuka kati ya 7 na 8, legeza pedali kidogo kwanza.

Uzito unakaribia kilo 1.8, bei inapita euro 1,000. Mtu wa mashindano, hii si yako. Wa mizunguko ya mjini, habu ya gia tatu inakutosha kabisa. Msafiri wa mbali, hii naipendekeza kwa moyo wote. Sproketi ikilika upande mmoja, unaigeuza na kuendelea. Kabla hujalipa, pima nafasi ya gurudumu la nyuma kwenye fremu yako: toleo la kawaida linataka milimita 135.