Miche ya maua kwa bustani ya upepo: upi ununue, upi uuache kitaluni

Habari zenu, ndugu watazamaji. Leo niko Uyole, hapa Mbeya, na huo mngurumo mnaousikia kwenye maiki ni upepo. Tumeuacha makusudi, kwa sababu ndio tunaouzungumzia. Hapa mezani nina miche sita ya vichaka vya maua, na nataka tuichambue kwa swali moja tu: ikifika Agosti, mvua zimeshakatika na upepo wa kusini-mashariki unavuma kutwa nzima, upi utabaki wa kijani na bado una maua?

Wengi tukifika kitaluni tunatazama ua kwanza. Tazama jani. Mmea wa kijani mwaka mzima haupumziki, unapoteza maji kupitia majani hata kiangazi, na upepo unayakausha upesi zaidi. Huku kwetu vichaka vingi haviuawi na kuvunjika, vinauawa na kiu. Kwa hiyo tafuta jani dogo au jembamba, gumu.

Mdogo wangu, sogeza kamera hapa. Huu ni kalistemoni, ule wenye maua mekundu yenye umbo la brashi ya kuoshea chupa. Asili yake Australia. Angalieni, nalikunja jani hivi, nikiliachia linafyatuka na kunyooka. Na ua lenyewe halina petali pana za kuchanika, ni nyuzi nyingi nyembamba ambazo upepo unapita katikati yake. Ukishashika mizizi unavumilia ukame na hata barafu nyepesi ya alfajiri, na ndege aina ya chozi hawaondoki. Kwangu mimi huu ndio wa kwanza. Usipoupogoa unakuwa mti, basi punguza ncha mara tu maua yakiisha.

Oleanda nayo inastahimili upepo vizuri sana, ina jani gumu, maua ya waridi, meupe au mekundu. Lakini nawaomba mnisikilize hapa: kila sehemu yake ni sumu. Jani, ua, kijiti, hata moshi wa matawi yake yakichomwa. Nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni, au mbuzi anayefungwa uani, usiipande hata ukipewa bure.

Plumbago ya maua ya bluu na tekoma ya machungwa zote zimetoka Afrika Kusini, na zote nazipitisha. Barafu ikiunguza ncha, zinachipua tena kutoka chini. Haibiskasi ina jani pana na laini, ipande kwenye kona iliyokingwa na nyumba, si mbele ya upepo. Bogenvilia inavumilia ukame, ila kwa ndugu zangu wa Njombe na Makete barafu ya Juni na Julai itaiunguza.

Sasa, jambo linaloniuma kweli. Tunapenda mche mrefu ambao umeshatoa maua, na tunaulipia zaidi. Nachana kiriba cha huu mrefu. Mnaona? Mzizi umefika chini, umekosa pa kwenda, umejikunja na kuzunguka. Ukiupanda hivi utaendelea kuzunguka hapohapo. Kila upepo ukivuma shina litayumba, na baada ya muda utaona kitundu kwenye udongo kuzunguka shina. Hapo mizizi midogo inakatika kila siku. Huu mfupi wenye matawi kuanzia chini, mizizi yake imenyooka na bado ni myeupe. Chukua huu. Kama ulishanunua ule mrefu, kata mizizi iliyozunguka kwa kisu safi kabla ya kupanda, na upunguze matawi.

Panda mvua zikishakolea, Desemba hivi, ili mizizi iwe na miezi ya kushuka kabla kiangazi hakijaingia. Weka matandazo mazito, lakini yasiguse shina. Kijiti cha kuegemeza kiwe kifupi na kamba iwe legevu, maana shina likiyumba kidogo ndipo linaponenepa.

Kuna mtazamaji wa Makambako aliyeniuliza kama ajenge ukuta wa tofali kwanza. Hapana, mama. Upepo ukigonga ukuta unaruka juu na kuanguka nyuma yake ukizungukazunguka, na hapo ndipo maua yako yalipo. Ua wa mimea unaopitisha karibu nusu ya upepo unatuliza eneo refu zaidi, mpaka kama mara 10 ya urefu wake. Kwa hiyo kalistemoni ndizo ziwe ukuta wako.

Na upo mmoja ambao sina hapa mezani, ingawa ni wa kwetu: Hypericum revolutum, kichaka cha maua ya njano kinachoota chenyewe kwenye milima yetu ya juu, hadi Kitulo, kwenye baridi na upepo kuliko bustani yoyote ya mjini. Wenye vitalu, tuoteshieni huo. Ila mtu asiende kuung'oa Kitulo, ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005.

Mwenye fedha ya miche mitano tu, anunue kalistemoni tatu azipange upande wa kusini-mashariki, kisha plumbago na tekoma nyuma yake. Haibiskasi isubiri mwaka wa pili, ua wa kalistemoni ukishasimama.